Jumbe wa Bahi Aliyekufa kwa Silabi Moja

Walimu wenzangu mliobaki na chaki mkononi,

Mliniomba niandike habari za kazi yangu kabla sijaanza kusahau. Sijaanza, lakini naona mmeona afadhali kuniwahi. Vyeo nilivyopata nitaviacha, maana vilikuwa vidogo, na habari za mshahara mlikuwa mkizisoma wenyewe kwenye viatu vyangu. Nitaandika habari za nyakati.

Siku hizi mnafundisha Kiingereza, na kila nikipita dirishani nawasikia mkilalamika kwamba wanafunzi wanaanza sentensi jana na kuimaliza kesho. Mnaona mmepata tabu isiyopata kuonekana. Mimi nilifundisha nyakati za vitenzi kwa Kiswahili, zamani za Mdachi, yule Mjerumani, hapa hapa Dodoma, na nawaambia hivi: mwanafunzi akikosea wakati na hakuna mtu aliyekufa kwa ajili hiyo, shukuruni mwendelee na somo.

Mimi ni Mrangi wa Kondoa. Baba yangu aliuza tumbaku na asali, na alinipeleka shule ya serikali huko pwani kwa sababu nilikuwa sijui kuuza chochote. Huko nilifundishwa na mzee tuliyemwita Maalim Abdala, mtu wa kofia safi na hasira za karibu. Yeye hakufundisha nyakati kwa ubao, alifundisha kwa wali. Siku ya somo alituketisha uani kwake, mkewe akipika, akatuuliza kunatokea nini. Tukasema, "Wali unapikwa, Maalim." Akasubiri mpaka harufu ikatufikia. "Na sasa?" "Wali umeiva." Akapakuliwa, akala wote mbele yetu, taratibu, akanawa. "Na sasa?" Tukaitazama sahani tupu, tulikuwa na njaa. Akasema, "Sasa wali uliiva. Mtu akikwambia wali umeiva, nenda kwake mbio. Akikwambia wali uliiva, rudi kwenu, umechelewa." Nimesoma vitabu vingi vya sarufi tangu siku ile, na sijaona kilichonifafanulia zaidi ya tumbo langu.

Nilifika Dodoma kwa garimoshi, reli ikiwa bado mpya na watu wakija kutoka Msalato na Nkuhungu kuitazama tu. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na mimi nilikuwa na koti la pwani, jembamba, kwenye upepo huu mnaoujua. Shule ilikuwa tembe ya kawaida ya Wagogo, fupi, yenye paa la udongo; mvua ilipokuja, paa lilirudi kuwa udongo mtupu. Ubao wangu ulikuwa mfuniko wa sanduku la misumari ya reli. Ulikuwa na maneno ya Kidachi yaliyochomwa kwa chuma, hayafutiki, kwa hiyo mwezi wa kwanza wanafunzi waliyanakili nayo wakidhani ni sehemu ya kitenzi. Vibao vya kuandikia vilikuwepo vichache, tukavifuta kwa mate, na asiyekuwa na kibao aliandika mchangani na kuomba kuku wasipite.

Wanafunzi walikuwa wana wa majumbe wa vijiji, walioletwa kwa amri ili waje kuwa makarani wa baba zao. Majumbe wajanja walitoa watoto wa majirani. Jumbe Chisena wa Bahi alikuwa mtu mnyoofu, akaambiwa mwana, akatoa mwana, tena wa kwanza. Huyo ndiye Ndahani. Alipokuja darasani alikuwa na ndevu, mke na zizi lake mwenyewe, na alinizidi umri. Jambo hilo lilitupa shida ya salamu. Tulikubaliana kwamba ndani ya darasa yeye ataniamkia mimi shikamoo, kwa kuwa ni mwalimu, na tukivuka kizingiti mimi nitamwamkia yeye, kwa kuwa ni mkubwa wangu. Siku za mvua, paa likivuja na sote tukisimama mlangoni, tulinyamaza tu.

Sasa niwaeleze habari za Bwana Shauri, ndivyo mkuu wa boma alivyoitwa. Hakuwa mtu mkali kwa asili. Ila alijifunza Kiswahili kitabuni, kwao Ulaya, kabla hajamwona mtu hata mmoja wa kuzungumza naye. Kitabu chake kilisema "me" ni ya tendo lililokwisha, naye akakishika kama msahafu. Wiki zake za kwanza alimwita akida. Askari akarudi akasema, "Bwana, akida amelala." "Vema," akasema Bwana Shauri. "Kama amelala, basi amekwisha kulala. Mlete." Akida akaletwa na shuka lake, jicho moja bado limefumba. Siku nyingine aliambiwa ng'ombe amesimama relini. Akatoa ruhusa garimoshi lipite, kwa kuwa ng'ombe amemaliza kusimama. Nyama yake tuliila shuleni.

Nilijaribu kumweleza. Nikasema, "Bwana, amelala maana yake bado yuko usingizini." Akasema, "Basi useme analala." Nikasema, "Analala ni yule anayejinyoosha kitandani sasa hivi, bwana, usingizi haujamchukua." Akanitazama, akafunga kitabu chake polepole, akasema, "Mwalimu, lugha yenu ni nzuri sana. Shida ni ninyi mnavyoisema."

Kila mwezi palikuwa na baraza mbele ya boma, na wanafunzi wangu walisimama mmoja mmoja kusoma habari za kwao walizoziandika wenyewe. Ndiyo ilikuwa mitihani yetu. Mara ya kwanza Ndahani alisoma habari ya Bahi, nami nilijaa fahari. "Mvua imenyesha. Mbuga imejaa maji. Watu wanavua kambale. Simba alikula punda wa Masinga. Tutamwinda." Sentensi tano, kila kitenzi mahali pake, kama mawe ya mafiga. Bwana Shauri alishika kichwa.

"Mtu huyu yuko wapi?" akaniuliza. "Yuko jana, leo, au kesho?"

"Yuko Bahi, bwana," nikajibu.

Jibu halikumtosha. Kesho yake ikaja amri, niliyotakiwa kuiandika ubaoni juu ya yale maneno ya misumari: Habari moja, wakati mmoja. Atakayechanganya nyakati ataandika upya. Na wakati wenyewe akauchagua yeye, kwa hoja ambayo hata leo siwezi kuipinga: karatasi ikifika boma, kila kilichomo kimekwisha kupita, kwa hiyo habari zote ziwe za "li". Tuliruhusiwa "ka" pia, nadhani kwa sababu ilikuwa kurasa za mwisho za kitabu chake na alikuwa hajafika.

Nilifundisha kama nilivyoagizwa, na nilifundisha vizuri. Darasa langu lilishika "li" kiasi cha kutisha. Bahi ilikuwa magharibi ya Dodoma. Jua lilichomoza mashariki. Mbili na mbili zilikuwa nne, na mmoja akanyoosha mkono kuuliza siku hizi ni ngapi. Mwingine, mtu wa dini mpya, aliandika kwamba Mungu alikuwa mmoja. Niliifuta mwenyewe kwa kiganja huku nikisema astaghafirullah, maana dini zetu zilikuwa mbalimbali lakini hapo tulikuwa pamoja.

Ugonjwa ule ulitoka nje ya darasa. Ndahani alikuwa akijizoeza Kiswahili nyumbani, kumwonyesha mkewe maendeleo. Mkewe naye alikuwa amejifunza kidogo kwa kuuza karanga kwa mafundi wa reli. Siku moja akamuuliza kama anampenda. Ndahani akajibu kwa ufasaha, "Nilikupenda." Mwanamke akachukua kibuyu chake na kitoto chake akaenda kwa wazazi wake Nkuhungu. Ikabidi niende mimi, mwalimu, kumweleza baba mkwe wa watu kwamba tatizo si ndoa, ni sarufi. Mzee yule alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza kama serikali inanilipa kwa kazi hiyo.

Basi ikaja baraza ninayotaka kuwaeleza. Zamu ya Bahi ilipofika, Ndahani akasimama, akakohoa, akasoma. "Jumbe wa Bahi alikuwa Chisena. Alikuwa mzee mwenye heshima. Alikuwa na wake wawili. Aliipenda serikali. Watu walimpenda. Alikaa Bahi siku zake zote." Hakukuwa na "me" hata moja, wala "na", wala "ta". Mimi nilikuwa nikihesabu makosa kwa vidole na mkono wangu ulibaki ngumi.

Bwana Shauri akavua kofia. Akasimama, na askari walipomwona amesimama wakasimama nao. Akasema kwa sauti ya chini, "Pole."

Mnajua pole yetu inavyofanya kazi nyingi. Ndahani alikuwa ametoka Bahi kwa miguu, vumbi limempanda mpaka magotini, akaona Bwana Shauri kajifunza adabu hatimaye. "Ahsante, bwana," akasema. Kisha akakumbuka amri. "Nilipoa."

Bwana Shauri akatikisa kichwa kwa kuusifu moyo wa mtu yule. Akamwambia karani wa boma aandike kwa Kiswahili: Jumbe Chisena alikufa. Kisha akauliza nani mwingine wa Bahi yupo hapa. Alikuwepo Masinga, yule aliyeliwa punda, amekuja kudai simba ni wa serikali kwa hiyo punda alipwe. Alikuwa mtu wa maneno mengi na aliyetamani cheo cha ujumbe tangu ujana wake. Alikuja kwa kesi ya punda akarudi na ujumbe, kofia na askari mmoja wa kumsindikiza. Yote hayo yalifanyika haraka, kwa Kidachi, mimi na Ndahani tukiwa tumekwisha rudi darasani kupongezana.

Kilichotokea Bahi nilisimuliwa na watu wengi, na wote walisimulia sawasawa, jambo ambalo ni nadra. Masinga alimkuta Chisena ameketi mbele ya tembe yake, anakunywa pombe ya uwele na kuwatazama ng'ombe wakirudi.

"Mbukwa," akasalimu Masinga.

"Mbukwa. Una kofia mpya."

"Pole sana, mzee."

"Ya nini? Nani amekufa?"

"Wewe."

Chisena akaweka kibuyu chini. "Lini?"

"Siku ya baraza."

"Siku ya baraza nilikuwa nachimba kisima," akasema Chisena. "Uliza hawa." Na waliokuwa wakichimba naye wakakubali kwamba hawakuona dalili yoyote.

Masinga akaeleza kwamba yeye mwenyewe anamwona, na anafurahi kumwona, lakini askari huyu ametumwa na karatasi, na karatasi haimwoni. Wazee wa Bahi wakasema neno hili lina mahali pake pa kumalizwa. Wakaondoka wote alfajiri, marehemu mbele na mrithi nyuma.

Nilipoitwa boma sikujua naitiwa nini. Nilimkuta Ndahani amesimama na baba yake mbele ya meza, Masinga pembeni amevaa kofia, na watu wa Bahi wamejaa uani mpaka getini.

"Wewe ni nani?" Bwana Shauri alikuwa akimuuliza mzee.

"Chisena wa Bahi."

"Chisena alikufa."

"Nimesikia, bwana. Ndiyo maana nimekuja."

Msicheke bado. Bwana Shauri alikuwa mtu wa mantiki, na mtu wa mantiki akiwa na askari ni hatari kuliko mlevi. Akaweka kidole juu ya karatasi. Akasema karatasi hii ina njia mbili tu. Kama ni ya kweli, Chisena ni marehemu, Masinga ni jumbe, na kila mtu arudi kwake. Kama ni ya uongo, basi aliyesoma barazani aliidanganya serikali, na aidanganyaye serikali hupata hamsa wa ishirini.

Ninyi vijana mnalisikia neno hilo kama hadithi. Ni viboko ishirini na vitano vya ngozi ya kiboko, mtu amelazwa kifudifudi mbele ya watu wake. Niliwahi kumwona mtu aliyepigwa namna hiyo, fundi wa reli, na alitembea amejikunja mpaka tulipopoteana miaka mingi baadaye. Nikamtazama Ndahani, mwanafunzi wangu bora, aliyesoma sawasawa kama nilivyomfundisha.

Chisena hakuwa na Kiswahili cha kutosha kwa maneno yale. Akamuuliza mwanawe kwa Kigogo, na Ndahani akamweleza yote, hakuficha hata moja. Mzee akafikiri. Kisha akauliza kwa Kiswahili chake, "Bwana, mtu akiwa amekufa, mwanawe anapigwa?"

"Hapana. Karatasi ikiwa ya kweli, mwana hana kosa."

"Basi nimekufa," akasema Chisena.

Akasema bila uchungu, kama mtu anayekubali bei. Akamgeukia Masinga akamwambia kisima kimebaki kidogo kufika majini, asiwaache vijana wakakiacha. Mtu mmoja uani akataka kupinga, mzee akamnyamazisha kwa mkono. "Ng'ombe haelemewi na nundu yake," akasema.

Ndahani akaanza kuvua kanzu. "Bwana, nimesema uongo," akasema. "Andika uongo. Baba yangu ni mzima." Mzee akamshika kanzu asiivue. Wakaanza kugombana pale mbele ya meza ya serikali, kwa Kigogo, mmoja anashikilia kwamba yeye ni marehemu na mwingine anashikilia kwamba yeye ni mwongo, wanavutana kanzu, na askari hajui ni yupi wa kumkamata. Watu wa uani wengine walikuwa wanacheka na wengine wanalia. Mimi nilikuwa nafanya yote mawili kwa ndani.

Nikaisogelea meza. "Bwana, naomba neno. Hii habari si ya uongo."

Ndahani alinitazama kama nimemuuza baba yake.

"Yuko Chisena," nikasema, "na kuna kufa. Yote mawili ni kweli, na yote mawili ni ya mtu huyuhuyu. Kilichokosewa ni wakati tu. Pale penye 'li', panatakiwa 'ta'."

Bwana Shauri akainamia karatasi. Akasema kwa midomo, taratibu, kama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. "Alikufa. Atakufa." Akainua macho. "Una hakika, mwalimu, kwamba atakufa?"

"Nina hakika kabisa, bwana."

"Na adhabu ya kosa la wakati?"

"Kuandika upya, bwana. Ni amri yako mwenyewe, iko ubaoni."

Niliona uso wake ukifunguka. Hakuwa anataka kumpiga mtu. Alitaka tu karatasi isiwe imekosea, na sasa haikukosea, iliwahi. Akachovya kalamu mwenyewe, akakata silabi moja, akaandika nyingine juu yake, akapuliza wino. Kisha, kwa kuwa jambo lilikuwa limetangazwa hadharani, akatoka barazani kulisahihisha hadharani. Akasimama mbele ya watu wote wa Bahi, akasoma kwa sauti ya serikali, "Jumbe Chisena wa Bahi atakufa."

Wanawake wakapiga yowe, maana walidhani amehukumiwa kunyongwa. Chisena peke yake hakutikisika.

"Lini, bwana?" akauliza.

"Serikali haina haraka," akasema Bwana Shauri.

Masinga akavua kofia, akaishika mikononi. "Na mimi, bwana?"

"Wewe utakuwa jumbe," akaambiwa. Na kwa sababu habari moja ni wakati mmoja, Ndahani akakalishwa palepale kuandika upya habari yote ya Bahi. Jumbe wa Bahi atakuwa Chisena. Atakuwa mzee mwenye heshima. Ataipenda serikali. Bwana Shauri aliipenda hii kuliko ya kwanza.

Tangu siku hiyo amri ya wakati mmoja haikufutwa, ila haikuulizwa tena, na mimi nikarudi kufundisha wali wa Maalim Abdala, kwa uwele, maana mchele ulikuwa ghali. Ndahani akamaliza shule akawa karani wa baba yake. Kisima cha Bahi kikafika majini. Masinga akawa mtu mwenye huruma nyingi kwa wazee. Kila alipokutana na Chisena mnadani alimshika mkono kwa mikono miwili, akamuuliza kifua kinaendeleaje, na usingizi, na kama anakula. "Nakula," Chisena akamjibu. "Nasikia huli wewe." Majumbe wengine walimwonea wivu mzee yule. Walisema wao hawajui siku zao, lakini Chisena kifo chake kiko boma, kimefungiwa sandukuni, na serikali haina haraka. Kulipokuwa na ndui akaugua na akapona, watu wakasema bila shaka karatasi haijatoka.

Nimefundisha wengi baada ya hapo, na kesi ngumu nilikuwa nazo nyingine, mtu aliyeshindwa "hu" maisha yake yote, na ndugu wawili waliokuwa wakigawana kitenzi kimoja, huyu anaanza na huyu anamaliza. Hizo mtazisikia kwa mdomo mkija na sukari.

Miaka ya mwisho ya Mdachi, vita vikiwa bado ni habari za mbali, mvua ilikosekana na mbuga ya Bahi ilipasuka. Yule Bwana Shauri alikuwa amekwenda zake, na mahali pake paliletwa mwingine, kijana, mpole, mtu wa kusoma kila karatasi aliyoachiwa. Mchana mmoja nilikuwa nafuta ubao, wanafunzi wamekwisha kwenda, nikamwona Ndahani mlangoni. Ndevu zilikuwa zimeanza kuwa nyeupe. Alikuwa na vumbi mpaka magotini na hakuwa na kitu mkononi.

Alisimama juu ya kizingiti, si ndani wala si nje, na hakuna kati yetu aliyemwamkia mwenzake.

"Nimetoka boma," akasema. "Nilikwenda kuwaambia habari ya baba. Nimetembea na neno hilo tangu Bahi, nimelipanga njia nzima lisiwe na kosa. Nimeingia, nimesimama, nikataja jina lake. Bwana akafungua sanduku, akatoa karatasi, akatazama. Akaniambia, 'Tunajua.'"

"Tunajua?"

"'Tunajua. Imeandikwa zamani.' Hakunisema vibaya, mwalimu. Alinionyesha na mahali. Kisha akaita mtu mwingine." Akajifuta uso kwa kiganja, vumbi likabaki na mistari. "Sikulisema. Limebaki hapa mdomoni. Bahi wote walikuwepo, wanajua. Boma wanajua. Masinga amekwisha vaa kofia, naye anajua. Sasa nimwambie nani?"

Nami nilijua. Nilijua tangu nilipoona mikono yake mitupu, na ni mimi niliyesema mbele ya serikali kwamba nina hakika kabisa. Niliweka chaki chini, nikamsogezea benchi.

"Mimi sijui, kaka," nikamwambia. "Niambie."

Akaingia, akakaa, akaniambia.